Ukipita Tanzania, Shuka Dakawa

Basi litokalo Dodoma likifika Dakawa, abiria wengi huwa wamelala. Dumila wameshanunua nyanya na vitunguu kupitia dirishani, na sasa wanaihesabu Morogoro tu, ambako watashuka kunyoosha miguu stendi ya Msamvu. Mgeni aliyetoka Nairobi, Kampala au Bujumbura naye halaumiki akiendelea kusinzia. Hakuna aliyemwambia kwamba kilomita zipatazo 45 kabla ya Morogoro mjini, pale barabara inapovuka Mto Wami, pana mahali pa kushuka.

Mimi nasema ashuke. Anayepita katika nchi ya watu huwa na siku chache na fedha za kupima, na mara nyingi huzimaliza kwenye mambo matatu ambayo kila mtu ameshayapiga picha. Sina ugomvi na Serengeti wala Zanzibar. Lakini kama safari yako inakupitisha katikati ya Tanzania kwa njia ya barabara, tenga siku mbili tatu kwa mahali ambapo unaona watu wakifanya kazi zao na historia ikiwa imesimama palepale ilipotokea, bila kioo wala kamba ya kukuzuia. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki sijui mahali panapolipa zaidi kuliko ukanda huu wa Dakawa, Mazimbu na Milima ya Uluguru.

Kwanza mambo ya njia. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza kuingia Tanzania, ila pasi ya kusafiria igongwe muhuri mpakani, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Usije na mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Anayetoka Nairobi ana njia mbili nzuri: apite Namanga, Arusha, Babati na Kondoa hadi Dodoma, kisha ateremke kuelekea Morogoro, na hiyo inampitisha Dakawa moja kwa moja, au apite Horohoro, Tanga, Segera na Chalinze, aingie Morogoro kwa mashariki. Ningekushauri uje kwa njia moja na urudi kwa nyingine.

Jambo moja la kuangalia: treni ya umeme. Tangu mwaka 2024 reli mpya ya kisasa inabeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na ni usafiri mzuri kweli, wenye kuheshimu saa. Lakini baada ya Morogoro reli hiyo inaelekea Kilosa na kupenya milimani kwa mahandaki, mbali kabisa na Dakawa. Kwa hiyo ukija na treni, shukia Morogoro, lala mjini, asubuhi uende Msamvu ukatafute gari la Dumila au Turiani. Mwambie konda mapema kwamba unashuka Dakawa. Asipokusikia utajikuta Magole.

Fedha za kigeni zichenji Morogoro mjini au mpakani. Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kufanywa kwa fedha za kigeni, na hata bila kanuni hizo mama lishe wa Dakawa hana chenji ya dola yako. Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa pasi na alama za vidole. Isajili siku ya kwanza, maana huko vijijini utalipia mambo mengi kwa simu.

Sasa Dakawa yenyewe. Usitegemee lango, tiketi au mtu wa kukupokea. Ni mji mdogo wa barabarani, wenye maduka, mashine za kukobolea, bodaboda kivulini na vumbi lake. Nyuma ya maduka hayo kuna bonde la mpunga la hekta zipatazo 2,000, linalomwagiliwa kwa maji yanayosukumwa na pampu kutoka Mto Wami. Lilianza kama shamba la serikali chini ya NAFCO, lile shirika la kilimo na chakula la enzi za Ujamaa. Shirika lilipokufa, wakulima wadogo waliingia kwenye majaruba, wakaunda ushirika wao, na wao ndio wanaolima leo.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Chukua bodaboda, mwambie dereva akupeleke skimu, kisha utembee kwenye tuta la mfereji. Ukifika miezi ya mvua utakuta bonde lote ni kijani. Kuanzia katikati ya mwaka utakuta mavuno, maturubai yametandazwa na mpunga umeanikwa, pawatila zinapita na magunia. Wakati mpunga unapoanza kukomaa utasikia kelele za vijana wakifukuza kwelea kwelea, ndege wadogo ambao kundi lao likitua linaweza kumaliza jasho la msimu mzima. Simama uulize maswali. Mkulima wa Dakawa atakueleza bei ya maji, gharama ya dizeli na tofauti ya mbegu kwa ufasaha kuliko mtembeza watalii yeyote. Atakutajia SARO 5, ambayo watafiti huiita TXD 306, mbegu iliyotokana na utafiti wa vituo vya mkoa huuhuu na ambayo leo inalimwa karibu kila bonde la mpunga nchini.

Usikanyage maji ya mfereji kwa miguu mitupu, kuna kichocho. Na Wami usiuogelee, una mamba.

Kinachonivutia Dakawa, na ambacho mgeni ataona haraka kuliko mwenyeji, ni idadi ya mataifa yaliyopitia hapa. Kituo cha utafiti wa mpunga, ambacho leo ni TARI Dakawa, kwa miaka mingi watu walikiita Cholima, jina la farasi mwenye mbawa wa hadithi za Korea, kumbukumbu ya ushirikiano na Wakorea Kaskazini. Wachina nao wana kituo chao cha kuonyesha teknolojia ya kilimo, kilichofunguliwa mwaka 2011. Ukarabati wa mifereji uligharimiwa na fedha za msaada wa Wamarekani. Yaani ndani ya mwendo mfupi wa bodaboda, msafiri anaona diplomasia ya nusu karne imelala kwenye tope moja. Ukitaka kuingia vituo hivi, ripoti getini, jitambulishe, uombe. Ukikataliwa usibishane, mpunga unaonekana hata kutoka barabarani.

Wageni wengine waliokaa Dakawa muda mrefu ni Waafrika Kusini. Baada ya vijana wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, maelfu walikimbia nchi yao, na wengi wakafika Tanzania kupitia chama cha ANC. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa kwanza Mazimbu, shamba la zamani la mkonge pembeni ya mji wa Morogoro, wakajenga shule. Mazimbu ilipojaa, mwaka 1982 wakapewa Dakawa, eneo la hekta zipatazo 2,800. Hapa walijenga makazi, karakana, shule ya ufundi na mahali pa kuwapokea waliofika wakiwa wamechanganyikiwa na safari na mateso. Misaada ilitoka sana nchi za Skandinavia. Wasweden walisaidia kuanzisha mradi wa ufumaji na uchapaji wa vitambaa, na ANC waliporudi kwao mradi ule nao ulihama. Leo mjini Makhanda, katika jimbo la Eastern Cape, kuna kituo cha sanaa na ufundi kinachoitwa Dakawa, na kijana anayejifunza pale pengine hajui kwamba jina hilo ni la mahali penye mto na mpunga.

ANC walikabidhi Mazimbu na Dakawa kwa Tanzania Julai 1992. Majengo ya Dakawa hayakuachwa yaoze: mengine ni sekondari, mengine chuo cha ufundi cha VETA. Ndiyo maana ziara ya hapa inahitaji adabu. Huendi kwenye magofu, unaingia kwenye shule yenye watoto darasani. Anzia ofisi ya mkuu, saini kitabu cha wageni, ueleze unachotafuta, na uombe mtu wa kukuzungusha. Picha za wanafunzi usipige bila ruhusa. Ukimpata mwalimu mwenye muda, atakuonyesha ni nyumba zipi zilikuwa za makazi na karakana zilikuwa wapi. Ukimpata mzee wa kijiji ni bora zaidi, maana wenyeji walioishi nao wanakumbuka mengi: mpira wa Jumapili, muziki, ndoa zilizofungwa, na kina mama waliobaki na watoto baba zao waliporudi kwao baada ya 1990. Historia ya ukombozi ina ukurasa huu pia, na hauandikwi kwenye vibao.

Kando ya barabara hiyohiyo kuna mahali pengine pa kusimama: Wami Sokoine. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka Dodoma bungeni kurudi Dar es Salaam. Katika eneo hili gari lake liligongana na lililokuwa likiendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, na Sokoine akafariki. Mtanzania wa umri fulani atakwambia alikuwa wapi redio ilipotangaza. Mnara wa kumbukumbu upo, na kijiji kikachukua jina lake. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka uleule nacho kikaitwa Sokoine. Hapa hapahitaji saa nzima. Simama, usome, uendelee. Nakusihi tu usianzishe mjadala wa njama mbele ya wenyeji usiowajua. Kila kijiwe kina nadharia yake, na nyingine zinaumiza watu.

Baada ya Dakawa, Mazimbu itakuelea zaidi. Iko pembeni ya mji wa Morogoro, bajaji inakufikisha. Shule iliyojengwa pale ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22. Oliver Tambo aliifungua rasmi mwaka 1985. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na wanafunzi wa Kitanzania wanalala katika mabweni waliyojengewa watoto wa uhamishoni. Ulizia makaburi. Wamezikwa pale Waafrika Kusini waliofia ugenini, wengi wakiwa vijana kabisa. Ndugu zao bado huja kutoka Johannesburg na Durban kuyatafuta majina. Vaa kwa heshima, zima muziki wa simu, nenda taratibu.

Kwa anayetoka Kenya naongeza jambo dogo la pembeni: Morogoro ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Ukikaa baa moja jioni ukamtaja, utapata rafiki wa kukuelekeza mambo yote ambayo makala hii haina nafasi nayo.

Sasa milima. Uluguru utaiona tangu unapoingia mjini, inasimama nyuma ya nyumba na asubuhi nyingi imejifunika mawingu. Kuna wanaokuja Morogoro wakaridhika kuiangalia wakiwa wamekaa. Wewe panda, ila pima nguvu zako. Safari rahisi ni Morningside, jengo la enzi za Wajerumani lililo juu ya mji: saa chache kupanda na kushuka, unapita mashamba ya migomba na mboga, unakutana na kina mama wanaoteremka na vikapu kichwani kwa mwendo utakaokuaibisha. Vilele vya Bondwa na Lupanga ni habari nyingine. Lupanga una mita 2,138, njia ni mwinuko mkali na tope, na ni kazi ya siku nzima. Kilele kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kinapita mita 2,600 na hakimfai msafiri wa kupita.

Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na kuuingia kunahitaji kibali cha wakala wa misitu, TFS, na kiongozi wa njia. Lipa kibali, chukua risiti. Kiongozi atokaye kijiji cha mlimani ni bora kuliko kijana aliyekuokota stendi, kwa sababu anajua njia na pia fedha yako inabaki kwa watu wanaolinda msitu. Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi hufuata njia hiyohiyo. Ukiwa na adabu ya kuuliza, mazungumzo ya kupumzika njiani yatakuwa na thamani kuliko picha ya kilele. Wapenda ndege waje na darubini: kuna ndege wa msitu huu ambao hawapatikani penginepo duniani.

Mwenye siku ya ziada aende Kinole, upande wa mashariki, kwenye maporomoko ya maji na nyumbani kwa ukoo wa machifu Kingalu, ambao jina lao ndilo lililopewa soko kuu jipya la Morogoro. Au apande Mgeta, kwenye baridi, mboga na mbuzi wa maziwa. Masika, yaani Machi hadi Mei, barabara hizi za milimani huwa utelezi mtupu. Hata chini, mafuriko si ya kuchezea: Januari 2014 maji yalikata barabara kuu ya Dodoma eneo la Dumila na Magole, na safari zikasimama.

Panya nao usiwaache. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 2000, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli mia moja za makohozi kwa dakika zipatazo ishirini. Magawa, aliyezaliwa na kufundwa hapa, alifanya kazi Cambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya ushujaa Uingereza. Wageni hupokelewa kwa miadi, kwa hiyo piga simu kabla. Kama una watoto, hii ndiyo siku watakayoisimulia wakirudi shule.

Mikumi nitaipitia haraka kwa sababu imeandikwa sana. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, barabara kuu ya Iringa inaipasua katikati, na twiga na tembo unaweza kuwaona ukiwa ndani ya basi bila kulipa kitu. Ukiingia rasmi, onyesha pasi yako: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wengine, na malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Ukiwa na gari lako punguza mwendo. Vibao vya pale vimeorodhesha faini kwa dola kwa kila aina ya mnyama utakayemgonga.

Nikiwa kwenye magari: madereva kutoka Kenya huumia sana Tanzania kwa jambo moja, mwendo wa 50 vijijini. Trafiki wetu wanakaa na tochi ya kupima mwendo nyuma ya mwembe, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kati ya Dodoma na Morogoro vijiji ni vingi, ukiwemo Dakawa. Amini kibao. Bima ya gari iwe na kadi ya njano ya COMESA. Polisi, madaraja, reli na mitambo ya mawasiliano usipige picha, hata kama mandhari ni mazuri.

Na salamu. Huku mtu haanzi na swali. Ukimkuta mzee, shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha ndipo uombe kuonyeshwa njia. Ukitaka kuzunguka kijiji zaidi ya barabara kuu, pita ofisi ya mtendaji wa kijiji. Kuna historia ya migogoro ya wakulima na wafugaji katika ukanda huu wa Mvomero na Kilosa, na mgeni anayeonekana akipima mashamba kwa macho huwatia watu wasiwasi. Kwa Wamaasai na Waparakuyo utakaowakuta mnadani na kando ya barabara, kamera ifuate mazungumzo.

Kula Dakawa. Wali wa hapa ni wa mpunga uliouona shambani asubuhi, na mama lishe ataupika na samaki au maharage kwa bei ya kawaida. Gesti zipo za kujisitiri, lakini kwa kulala naona bora urudi Morogoro, kwenye uchaguzi mpana na vyandarua vizima. Malaria ipo, usiidharau. Gari la jioni lipate kabla ya giza, na usisimamishe lori.

Kama una siku moja tu, asubuhi iwe ya Dakawa na alasiri ya Mazimbu, na milima uitazame kutoka chini. Ukiwa na mbili, ya pili panda Morningside alfajiri na uende kwa panya mchana. Ukiwa na tatu ndipo ufikirie Mikumi.